Pikapu ya dizeli inateleza mlimani: je, ni konveta kweli?

*Mzee, habari ya kazi. Nina Toyota Hilux dabo kebini, dizeli ya lita 3.0, otomatiki ya gia nne. Naishi Busia, upande wa Uganda. Napakia saruji Tororo naipeleka Kapchorwa, mara nyingi mifuko 30, narudi na viazi. Tangu msimu wa mvua uliopita, nikifika mlima wa Sipi injini inalia, mshale wa RPM unapanda, lakini gari haliendi. Halafu nikiwa tambarare kati ya Mbale na Tororo, kwenye mwendo wa 80 hivi, gari linatetemeka sekunde mbili tatu kana kwamba lami ina matuta madogo, kisha linatulia. Fundi wangu anasema toku konveta imeteleza. Anataka milioni tatu na nusu aweke nyingine iliyotumika. Mimi nina milioni mbili tu. Jirani mmoja ananishauri konveta ikatwe na ile klachi ya ndani ichomelewe moja kwa moja. Mwingine anasema niweke oili nzito ya injini kwenye giaboksi ili isiteleze. Gari hili ndilo linalosomesha watoto. Nifanye nini?*

Ndugu yangu, pole. Gari la kazi likianza kuteleza, kila safari unaihesabu mara mbili: faida uliyopata, na hofu ya kukwama njiani na mzigo wa watu. Nimesoma swali lako kwa makini, na kabla sijagusa habari ya milioni tatu na nusu nataka tuelewane jambo moja. Ulichonieleza ni magonjwa mawili, na fundi wako ameyapa jina moja. Kuteleza mlimani ni dalili ya kwanza. Kutetemeka tambarare kwenye 80 ni dalili ya pili. Huenda zina chanzo kimoja, na huenda hazina. Ukinunua konveta kabla ya kuzitenganisha, unaweza kulipa pesa yote, mtetemo ukaisha, na Sipi ikakushinda vilevile.

Tuanze na konveta yenyewe, maana watu wengi hudhani ni klachi ya kawaida inayolika na kuteleza. Sivyo. Konveta ni chombo cha duara kilichofungwa kwa kuchomelewa, kinakaa kati ya injini na giaboksi, kimejaa ATF, yaani mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Ndani yake kuna magurudumu mawili ya mapanga yanayotazamana. La kwanza limeshikamana na ganda la konveta, kwa hiyo linazunguka na injini. La pili limeingia kwenye shafti ya giaboksi. Magurudumu hayo hayagusani; kinachobeba nguvu kati yao ni mafuta tu. Koroga chai kwenye sufuria kwa mwiko, utaona jani la mchaichai linaloelea linaifuata chai, lakini daima linabaki nyuma kidogo. Kule kubaki nyuma ndiko kuteleza, na ndiko kunakokuwezesha kusimama kwenye taa ukiwa kwenye D bila injini kuzima. Kwa hiyo konveta nzima, hata mpya kutoka kiwandani, inateleza. Imeundwa hivyo.

Katikati ya magurudumu hayo kuna gurudumu la tatu, dogo, linaloitwa steta. Kazi yake ni kuyageuza mafuta yanayorudi yasipigane na gurudumu la kwanza. Kwa sababu hiyo, gari linapoanza kuondoka kutoka kusimama, konveta huongeza nguvu ya mzunguko inayofika kwenye giaboksi hadi karibu mara mbili ya ile inayotoka kwenye injini. Steta imekaa juu ya klachi ndogo inayoruhusu mzunguko wa upande mmoja tu. Klachi hiyo ikivunjika na steta ikazunguka ovyo pande zote, gari huwa zito sana kuondoka kutoka kusimama, lakini likishashika mwendo hukimbia kama kawaida. Ikikwama kabisa, mambo hugeuka: gari linaondoka vizuri, ila barabara kuu linakosa mwendo na mafuta ya giaboksi yanachemka.

Kisha kuna klachi ya kufungia, mafundi wetu wanaiita lokapu. Hiki ni kisahani chenye utando wa msuguano ndani ya konveta. Ukifika mwendo wa kutosha na injini ikiwa ya moto, kompyuta hufungua solenoidi, yaani vali ndogo ya umeme, presha ya mafuta inakisukuma kisahani kishike ganda la konveta, na injini na giaboksi vinazunguka pamoja bila kuteleza. Utaona RPM inashuka kidogo, utafikiri gari limeingia gia ya tano ambayo halina. Unapopanda mlima na mzigo, kompyuta inaiachia lokapu makusudi, na RPM inapanda mizunguko mia mbili, tatu au zaidi. Dereva asiyejua hilo husema gari limeteleza, kumbe ndivyo linavyotakiwa kufanya.

Sasa rudi kwenye dalili zako. Mtetemo wa sekunde mbili tatu kwenye 80, unaokuja na kuisha wenyewe, kwa uzoefu wangu unaelekeza kwenye lokapu: kisahani kinajaribu kushika, kinaachia, kinashika, hadi kinatulia. Sababu inaweza kuwa utando uliolika, lakini mara nyingi sana ni ATF iliyochoka. Mafuta hayo yana viungo maalumu vinavyofanya klachi zishike kwa ulaini. Viungo hivyo vikiisha, klachi hushika kwa kurukaruka hata kama utando bado una uhai. Ndiyo maana ninakataa kuhukumu konveta kabla mafuta hayajabadilishwa.

Ya mlimani ni habari nyingine. Mapanga ya konveta hayaliki kama pedi za breki. Kama steta ndiyo mbovu, ungelalamika kila unapoondoka kwenye kituo, hata bila mzigo, na hujasema hivyo. Injini iliyopoteza nguvu, kwa mfano filta ya dizeli imeziba au mpira wa tabo umepasuka, nayo hailii. RPM yake inazama na gari linazubaa. Wewe unasema RPM inapanda na gari haliendi. Hiyo kwa kawaida ina maana kwamba mafuta ya giaboksi yamepungua, au presha ni ndogo kwa sababu filta ya ndani imeziba, au klachi za giaboksi yenyewe zimeungua. Yote matatu hayaponi kwa konveta.

Na kuna hesabu umeiandika bila kuitazama. Mifuko 30 ya saruji, kila mmoja kilo 50, ni kilo 1,500. Hilux dabo kebini imetengenezwa kubeba takriban tani moja, na humo wamo dereva na utingo. Unaipandisha Sipi ikiwa imezidiwa kwa nusu ya uwezo wake. Angalia joto linalotokea: injini ikitoa kilowati 50 kwenye mlima, na konveta ambayo haijajifunga ikapoteza moja ya tano, kilowati 10 zinageuka joto ndani ya mafuta hayo machache, dakika baada ya dakika, huku gari likienda polepole na upepo wa kupoza ukiwa haba. ATF inafanya kazi vizuri ikiwa kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Ikipita 120 inaanza kuharibika upesi, sili za mpira zinakuwa ngumu, na utando wa klachi unaanza kubabuka. Konveta yoyote utakayonunua, nzima namna gani, itakufa kifo hichohicho kama mzigo utabaki mifuko 30. Nakuomba usilichukue neno hili kama lawama. Najua mteja analipa kwa mfuko. Lakini safari mbili za mifuko 18 ni nafuu kuliko giaboksi.

Sasa ushauri wa majirani. Kuchomelea klachi ya ndani usikubali kabisa. Lokapu ikifungwa moja kwa moja, injini haiachani tena na giaboksi: kila unapofunga breki kusimama injini inazima, na kila unapoondoka kishindo chote kinapigwa kwenye shafti na meno ya gia. Gari halitafika hata Mbale. Oili ya injini nayo ni sumu kwa giaboksi ya otomatiki. Haina viungo vya msuguano ambavyo klachi hizi zinahitaji, na uzito wake unasumbua vali ndogo ndogo zinazoongoza presha. Inaweza kuficha kuteleza kwa siku kadhaa, na wenye magari ya kuuza wanalijua hilo, ila baada yake unaokota vyuma.

Kuna na dhana ya tatu, hukuitaja lakini nina hakika utaambiwa: kwamba ukibadilisha ATF ya zamani giaboksi inakufa. Kinachotokea ni kwamba mtu husubiri hadi klachi zimekwisha, ndipo anabadilisha mafuta, kisha giaboksi ikifa wiki inayofuata anayalaumu mafuta mapya. Ninachokataza ni kusukuma mafuta mapya kwa mashine ya presha kwenye giaboksi iliyojaa uchafu. Kumwaga kwa kufungua nati ya chini na kujaza tena hakujaua giaboksi iliyo hai.

Vipimo vya kwanza unaweza kuvifanya mwenyewe. Endesha gari lipate moto vizuri, liegeshe mahali pa usawa, acha injini iungurume, kanyaga breki na upitishe mkono wa gia P mpaka L taratibu, kisha urudi P. Sasa chomoa kijiti cha kupimia. Kiwango kiwe kwenye alama ya moto, HOT. Mafuta yadondoshee kwenye karatasi nyeupe. Mekundu au mekundu ya kahawia, bado yana maisha. Meusi yenye harufu ya kuungua, klachi zimeshababuka. Yakiwa ya waridi na mazito kama maziwa ya mgando, simama hapohapo: maji ya rejeta yameingia kwenye giaboksi, na kuliendesha gari hata kwenda gereji ni kulimaliza. Tazama pia maandishi kwenye kijiti chenyewe. Toyota nyingi zimepigwa chapa ya aina ya ATF inayotakiwa, kama Dexron au T-IV. Fuata hicho, usifuate alichonacho mwenye duka. ATF ya WS ni nyepesi zaidi na ni ya giaboksi zilizoundwa kwa ajili yake.

Kipimo cha pili kinafanyika bila mzigo, barabara tupu iliyonyooka. Shika mwendo wa 80 usiobadilika, mguu wa kulia utulie kwenye mafuta, na kwa mguu wa kushoto gusa breki kidogo sana, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu. Kama lokapu ilikuwa imeshika, RPM itaruka juu kidogo, kisha itashuka ukiachia. Mtetemo ukikujia, gusa breki hivyohivyo. Ukikatika papo hapo, umeshampata mhalifu: ni lokapu. Usipokatika, mwambie fundi atazame mauntini, yaani vishikizi vya injini, propela shafti na misalaba yake.

Cha tatu kinahusu kuteleza mlimani. Tafuta kilima cha udongo karibu na nyumbani, gari likiwa tupu. Jaribu kupanda ukiwa L, halafu 2, halafu D, halafu geuza upande kwa rivasi. Kama linapanda vizuri kwa rivasi na linateleza kwa D, konveta haina hatia, kwa sababu konveta ni ileile kwa gia zote. Tatizo liko kwenye klachi za mbele. Likiteleza kila gia, basi ni mafuta, filta, pampu au konveta, na hapo ndipo fundi anapaswa kupima presha kwa geji. Kuna kipimo kingine, cha kukanyaga mafuta mpaka chini huku breki imeshikwa, ili kuona RPM inaishia wapi. Hicho mwachie fundi mwenye kitabu cha gari hilo, na kisizidi sekunde tano. Nimeona watu wakikifanya kama mchezo mbele ya duka la spea, na gari moja liliruka kwenye meza ya muuza chapati.

Baada ya hapo fungua sampu ya giaboksi, yaani karai la chini linalokusanya mafuta. Hili lifanyike mbele ya macho yako. Ndani ya sampu, chini kabisa, kuna sumaku ndogo. Zikiwa na matope laini ya kijivu, ukiyasugua kati ya vidole yanapaka kama masizi, hayo ni ya kawaida kwa gari la umri huo. Ukihisi chembe zinazokwaruza, au ukiona vipande vinavyong'aa rangi ya shaba au fedha, kuna beringi au bushi inayokufa. Ukikuta magamba meusi yamejaa kwenye filta, hiyo ni klachi. Piga picha kabla fundi hajaosha kitu. Picha hiyo itakusaidia kuliko maneno ya watu watatu.

Kama sampu ni safi, weka filta mpya na ATF sahihi. Ujue kwamba ukimwaga kwa nati ya chini inatoka sehemu tu. Nyingi inabaki ndani ya konveta na paipu. Kwa hiyo endesha siku chache bila mzigo mkubwa, mwaga na ujaze tena, kisha urudie mara ya tatu. Mtetemo wa lokapu ukipungua kila unapobadilisha, umeokoa konveta yako kwa bei ya madumu ya mafuta.

Wakati huohuo tazama vitu viwili vidogo ambavyo mafundi wengi hawavihusishi na giaboksi. Cha kwanza ni thamostati, vali inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate moto. Huku kwetu gari likichemka mara moja tu, thamostati inang'olewa na kutupwa. Injini ya dizeli isiyo na thamostati inakimbia baridi, hasa asubuhi na maeneo ya mlimani, na kompyuta ikiona injini ni baridi inazuia lokapu isishike. Matokeo yake konveta inateleza safari nzima, mafuta yanachemka, na wewe unaambiwa konveta ni mbovu. Fungua uone kama ya kwako ipo. Cha pili ni swichi ya taa za breki iliyo juu ya pedeli. Kompyuta ikisikia umekanyaga breki inaachia lokapu. Swichi iliyolegea inawashawasha taa bila wewe kujua, na lokapu inashika na kuachia barabarani. Niliwahi kuletewa pikapu ambayo mwenyewe alikuwa ameshaweka oda ya konveta. Tulisimama nyuma ya gari usiku, dereva akapitia matuta, tukaziona taa za breki zinapepesa. Swichi ilibadilishwa pale pale na mtetemo ukaisha. Baada ya hapo unganisha mashine ya kusoma kompyuta uone kama kuna hitilafu ya solenoidi imehifadhiwa, hasa kama taa ya O/D OFF, ile ya gia ya juu (overdrive), huwa inapepesa yenyewe.

Tuseme umefanya yote hayo na lokapu bado inatetemeka, sampu ni safi, gia zote zinashika. Hapo konveta inahukumiwa kwa haki, na tunaweza kuzungumza pesa.

Njia ya kwanza ni aliyokupa fundi: konveta iliyotumika, kutoka Kisekka, soko la spea la Kampala, au kwa mtu anayeleta shehena za Japani na Dubai. Ni ya haraka na ndiyo nafuu, lakini ndani haionekani. Kwanza hakikisha inalingana. Bamba la utambulisho la gari lina mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Nakili namba hiyo, ichukue pamoja na namba ya injini. Usikubali kauli kwamba konveta ya Hilux ni ya Hilux. Giaboksi ya familia moja inaweza kufungwa kwenye injini ya petroli na ya dizeli, na konveta zake zikatofautiana kwa ukubwa na kwa RPM inayoshikia. Ukiipata inayolingana, igeuze umwage mafuta yaliyobaki kwenye kitambaa cheupe na uyasome kama ulivyoyasoma ya kwako. Pitisha ukucha kwenye shingo yake, pale sili inapokaa: pakiwa na mfereji, itavuja. Ganda likiwa na madoa ya bluu, iliwahi kuungua, iache. Ingiza vidole au koleo la ringi kwenye meno ya steta, uzungushe. Lazima izunguke upande mmoja na igome upande wa pili. Hali ya utando wa lokapu hutaiona kwa njia yoyote ile, kwa hiyo sharti la kurudisha liandikwe kwenye risiti, likiwa na siku ambazo zinatosha kulifunga na kulijaribu gari.

Njia ya pili ni kuitengeneza hiyohiyo yako. Inakatwa kwenye mashine ya kukereza, inawekwa utando mpya, beringi na sili, inachomelewa, inapimwa kama inavuja na kusawazishwa uzito. Tunao mafundi hodari sana wa kukereza na kuchomelea, Katwe ya Kampala imejaa watu wanaoweza kutengeneza karibu kila kitu cha chuma. Ila konveta ina masharti magumu. Shingo ikipinda kidogo tu, au uzito ukiegemea upande, inaila bushi ya pampu ya mbele na sili yake, na giaboksi nzima inafuata. Mpe mtu kazi hii ikiwa tu ana mashine ya kusawazisha na anaweza kukuonyesha vitu vya ndani vikiwa vimefunguliwa. Kama hana, hata akiwa rafiki yako, usimpe. Mpya kabisa ni njia ya tatu, nzuri kuliko zote, na kwa milioni mbili sioni kama tuijadili kwa sasa.

Njia ya nne watu huisahau: giaboksi nzima iliyotumika, ikija na konveta yake. Kama sampu yako ilikuwa na magamba meusi, hii ndiyo ningeichagua, hata kama ingenilazimu kusubiri na kukopa kwenye kikundi. Konveta haiwezi kuoshwa ndani ikawa safi, na giaboksi iliyoungua inatapika uchafu wake kwenye konveta yoyote utakayoifunga. Kufunga konveta nzuri kwenye giaboksi mbovu ni kutupa konveta. Kuhusu kubadilisha gari liwe la gia za mkono, najua wengi wanakushawishi. Linawezekana, lakini hesabu pedeli, pampu ya klachi, flaiwili, klachi yenyewe, giaboksi, shafti, na kompyuta ambayo bado inaitafuta giaboksi ya otomatiki. Kwa bajeti yako utaishia katikati.

Bei kubwa iliyofichika ni kazi ya kushusha. Kama gari lako ni la forwili, lina giaboksi ya forwili nyuma ya giaboksi kubwa. Vyote vinashuka pamoja na ni vizito, vinahitaji jeki ya giaboksi na stendi za kweli, si matofali. Kwa hiyo mwambie fundi akupe bei vipande vipande: kifaa peke yake, kazi peke yake, mafuta na sili peke yake. Utashangaa mahali pa kupunguza panavyojitokeza. Kinachoshushwa mara moja kifanyiwe kila kitu: sili ya mbele ya giaboksi, sili ya nyuma ya injini, bushi ya pampu itazamwe, sahani nyembamba inayobeba konveta ikaguliwe nyufa kuzunguka matundu ya bolti. Sili hizi ni bei ndogo. Kuzirudia ni kulipa kazi yote upya.

Wakati wa kufunga, simama hapo. Konveta inamiminiwa ATF kwanza, kisha inasukumwa kwenye shafti huku ikizungushwa, na inatakiwa kuingia hatua tatu, kila moja ikisikika: meno ya shafti, meno ya steta, kisha pampu. Fundi asiyekuwa na subira anaishia hatua ya pili na kuziacha bolti za giaboksi zivute zilizobaki. Injini ikiwashwa, pampu inavunjika siku hiyohiyo. Dalili ya usalama ni hii: giaboksi ikishakaa na bolti zake kukazwa, konveta lazima bado izunguke kwa mkono na iwe na nafasi kidogo ya kusogea mbele kukutana na sahani. Kama imebanwa, ishushwe tena, bila ubishi.

Kabla ya kuwasha, paipu za kupoza mafuta zioshwe na kupulizwa, pamoja na ile sehemu iliyo ndani ya rejeta. Uchafu wa konveta iliyokufa unajificha humo. Na kwa njia yako ya Kapchorwa, kipoza mafuta cha nje kinachofungwa mbele ya rejeta si anasa. Ningekiweka hata kabla ya konveta.

Basi milioni zako mbili ningezigawa hivi. Anza na ATF, filta, thamostati, swichi ya breki na kusoma kompyuta. Halafu kipoza cha nje. Inayobaki iweke, usiiguse, na kwa muda huo mzigo usizidi mifuko 18. Barabara tambarare ukisikia mtetemo unaanza, ongeza au punguza mwendo usikae pale unapotokea. Kwenye kupanda, zima O/D na utumie 2 mapema, usingoje injini ilie. Magari mengi ninayoyajua yangeishia hapo, yakaendelea kufanya kazi. Kama lako halitaishia hapo, utakuwa umeshapunguza pengo la pesa na unajua hasa unachonunua.

Jambo moja siwezi kulipitisha. Unashuka Sipi na viazi. Giaboksi inayoteleza haishiki injini vizuri kwenye mteremko, na kazi yote inahamia kwenye breki, ambazo zikipata moto zinapotea. Kama kwa sasa ukiweka 2 au L kwenye mteremko gari halijizuii, usishushe mzigo kwa gari hilo hata safari moja. Kodi lingine. Vilevile usingoje jibu langu lingine ikiwa gari linagoma kuondoka kabisa, linasaga kwa sauti ya chuma, linatoa harufu ya kuungua likiwa tambarare, au mafuta yamegeuka waridi. Hapo mtafute fundi wa giaboksi za otomatiki, wa kuligusa gari kwa mikono, Mbale au Kampala, na lipelekwe juu ya lori. Likilazimika kuvutwa, propela shafti ya nyuma itolewe kwanza, maana injini ikiwa imezimwa pampu haizunguki na giaboksi inajisaga kavu.

Ukishafungua sampu, niandikie ulichokikuta kwenye sumaku na kwa gia gani linateleza, pamoja na namba ya TRANS/AXLE. Kwa hayo matatu nitakuambia kama hiyo milioni tatu na nusu ina haki.